Maswali ya wasomaji: Nimepewa flashi ya picha za ubongo, naanzia wapi?

Mwezi huu barua za picha za kichwa zimekuja nyingi kuliko kawaida, nimechukua tatu ambazo zikijibiwa hizo na nyingine karibu zote zimejibiwa.

SWALI: Shikamoo. Mimi nasoma masters huku Moshi, utafiti wangu ni wa watoto wenye vichwa vikubwa vya kujaa maji, msimamizi wangu kanipa flashi ina picha za MRI za watoto kumi na mbili kaniambia anza kuziangalia, basi, akaondoka. Nimefungua nakuta mafaili kama elfu tatu hivi hayana jina la maana, IM000001, IM000002 mpaka mwisho, nikiklik kompyuta inaniuliza nifungulie na nini. Nimejaribu kubadilisha jina niweke jpg mwishoni ikagoma. Rafiki yangu kaniambia nidaunlodi 3D Slicer, mwingine kasema FSL, mwingine ITK-SNAP, YouTube ndo kila mtu na yake. Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Naomba unisaidie mana tarehe 20 natakiwa nionyeshe kitu na mpaka saivi sijaona hata ubongo mmoja. *Mwanafunzi, Moshi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa yale mafaili uliyobadilisha majina yarudishe kama yalivyokuwa, alafu kopi flashi nzima iweke pembeni usiiguse tena, kazi zote fanya kwenye kopi ya pili. Watu wengi wanaruka hapa wakaja kulia baadae.

Ulichopewa kinaitwa DICOM, ndo lugha ambayo mashine za hospitali dunia nzima zinaongea tangu 1993. Jpg imegoma kwa sababu ndani ya yale mafaili hakuna picha kama ya simu, kuna namba, na mwanzoni kuna maelezo marefu ya mgonjwa na mashine, yanaitwa heda. Ukitaka kuhakikisha fungua faili moja na Notepad, utaona uchafu mtupu, lakini karibu na mwanzo zimekaa herufi nne DICM, ukiziona hizo jua faili ni lenyewe. Kila faili mara nyingi ni slesi moja tu ya kichwa. Chukulia mkate wa slesi, mashine imeukata na kila slesi ikawekwa kwenye mfuko wake, sasa wewe unashika mfuko mmoja mmoja unajiuliza mkate uko wapi. Kazi ya programu ni kusoma ile heda ya kila slesi, kujua inakaa wapi, na kuurudisha mkate.

Sasa programu ipi. Wote waliokushauri wamesema kweli ila wamekupa za mwaka wa pili wakati wewe uko siku ya kwanza. 3D Slicer ni nzuri sana, ni ya bure, wengi walioijenga wako Boston, ila ina moduli nyingi mno na kwa GB 4 itakutesa. FSL ni ya Oxford, ni ya uchambuzi wa utafiti, kwenye Windows kuiweka peke yake ni kazi ya siku mbili. Mimi ninayemfundisha mtu kuanzia sifuri namwanzishia MRIcroGL, ya Chris Rorden wa Chuo Kikuu cha South Carolina, ni ya bure, unadaunlodi zip unaifungua unaklik, haina kuinstoli. Windows ikikuletea onyo la kwamba haimjui aliyeitengeneza ni kawaida, mradi umeitoa kwenye ukurasa wao wenyewe na si kwa mtu aliyekurushia. Na kuhusu RAM usiogope, piga hesabu mwenyewe, skani ya T1, aina moja ya picha za MRI, ya slesi 176, kila slesi pikseli 256 kwa 256, ni namba kama milioni kumi na moja na nusu, kila namba inachukua baiti mbili, jumla kama MB 23, video ya harusi ya dakika moja inaizidi.

Lakini naomba sana, leo usifungue watoto wako. Leo fungua ubongo mzima usio na shida. Ndani ya MRIcroGL kwenye menyu ya faili kuna orodha ya picha zinazokuja nayo, chagua inayoitwa mni152, ni wastani wa vichwa vya watu wazima 152 uliotengenezwa na taasisi ya neva ya Montreal, Kanada, ndo mana unauona una ukungu kidogo, watu wengi wamelaliana pale. Utaona ubongo umekatwa njia tatu, kutoka juu, kutoka mbele na kutoka pembeni. Klik sehemu yoyote kwenye mmoja uone mistari inavyohama kwenye mingine miwili. Kaa nao jioni nzima. Tafuta vyumba vya maji katikati, ndo vinaitwa ventrikali, kwa juu vinafanana na kipepeo, tafuta ubongo mdogo kule nyuma chini, tafuta lile daraja linalounganisha kushoto na kulia. Mpaka ukiambiwa twende kwenye ventrikali ya kushoto mkono uende wenyewe bila kufikiri.

Kesho ndo flashi. Kwenye menyu ya Import kuna kipengele cha kubadilisha DICOM kwenda NIfTI, muundo wa faili wanaotumia watafiti, unakiburutia folda la mtoto mmoja, mmoja tu kwanza, ndani yake kinachofanya kazi ni dcm2niix. Itakutemea mafaili machache yenye nii.gz mwishoni, kila moja ni mkate mzima, na pembeni vifaili vya json vyenye maelezo ya jinsi skani ilivyopigwa. Moja litakuwa na slesi chache zimeelekea huku na kule, hiyo ni picha ya kupimia ambayo mtaalamu wa mionzi anaipiga mwanzo kujua kichwa kimelalaje, wengi wanaifungua hiyo ya kwanza wanadhani kila kitu kimeharibika. Iache, nenda zingine.

Hizo zingine zitakuwa za aina tofauti, T1, T2 au FLAIR, utazitambuaje? Angalia maji. Kwenye T1 maji ya ubongo ni meusi na kwa mtu mzima sehemu nyeupe ya ubongo inang'aa kuliko ya kijivu, kwenye T2 maji yanang'aa kweupe, kwenye FLAIR inafanana na T2 ila maji yamezimwa yakawa meusi ili kidonda kilichoko jirani na maji kionekane. Kwa watoto wako ambao shida yao ni hayo maji yenyewe, T2 itakuwa rafiki yako.

Picha ikifunguka giza tupu usihangaike, MRI haina kipimo maalum cha namba kama CT, kila mashine na namba zake, kwahiyo vitone vichache vinavyong'aa kupita kiasi vinaifanya programu iwanyime mwanga wengine wote. Kwenye MRIcroGL kuna viboksi viwili vya namba, kimoja cha giza kingine cha mwanga, shusha ile ya mwanga taratibu uone ubongo unavyotoka.

Na kitu kingine kitakushtua, ukiangalia kutoka pembeni mtoto ataonekana kama kajengwa kwa matofali. Hospitali nyingi wanapiga slesi za milimita 5, tena na mwanya katikati, sio za milimita 1 kama za watafiti, kwahiyo upande ule ambao slesi zilikatwa picha ni safi na upande mwingine ni ngazi. Hakuna programu itakayokurudishia kitu ambacho mashine haikupiga, ukiona inayolainisha ujue inabuni. Kwenye tasnifu yako andika unene wa slesi kwa kila mtoto, usisubiri mtahini akuulize.

Ukishazoea hayo ndo udaunlodi ITK-SNAP, ya Paul Yushkevich na wenzake wa Pennsylvania, hiyo kwa utafiti wako ndo hasa. Unaweka kipovu kidogo ndani ya chumba cha maji, unabonyeza, kipovu kinavimba chenyewe kinajaza kona zote mpaka kinapokutana na ukuta wa ubongo kinasimama, alafu inakupa ujazo kwa milimita za ujazo. Mara ya kwanza kitavuja kitoke nje ya ventrikali, punguza mwendo rudia. Ila usije ukachukua mtoto mwenye ventrikali zimejaa maji ukamlazimisha akae kwenye mni152, ule ni wastani wa watu wazima wenye afya, programu itamvuta itamkunja na utapata namba nzuri za uongo.

Kwa tarehe 20 onyesha mtoto mmoja tu, T2 yake, kipovu kimekaa vizuri, na ujazo wake. Msimamizi ataona umeshika njia.

SWALI: Asalaam aleikum. Babangu alianguka bafuni mwezi uliopita, mkono na mguu wa kushoto ukawa hauna nguvu, akafanyiwa CT skani ya kichwa tukapewa CD na ripoti. Ndugu yangu alioko Muscat ana daktari amjua kule akasema tumpelekee picha. Nikaenda kwa jirani mwenye kompyuta ya zamani, nikapiga skrini kwa simu nikamtumia kwa WhatsApp, daktari akasema haoni kitu cha maana. Alafu kilonitia wasiwasi zaidi, lile doa liko upande wa kushoto wa skrini na pembeni pameandikwa R. Ripoti yasema damu iko kulia. Sasa ni kushoto ama ni kulia, ama wamechanganya picha ya babangu na ya mtu mwengine? Laptopu yangu ni mpya haina hata pa kutia CD. *Binti, Mombasa*

JIBU: Wa aleikum salaam dadangu, pole sana kwa mzee, Mwenyezi Mungu amnyanyue.

Nianze na wasiwasi wako. Picha ya hospitali inaangaliwa kana kwamba mgonjwa amelala chali na wewe umesimama miguuni kwake unamtazama kuelekea kichwani. Simama miguuni mwa kitanda cha mzee leo ujaribu, mkono wake wa kulia uko upande wako wa kushoto. Ndo mana ile R, ambayo ni kulia kwa mgonjwa, imekaa kushoto kwa skrini. Doa liko penye R, kwahiyo liko kulia kwa mzee, na ripoti imesema kulia. Na kwa nini basi mkono ulioishiwa nguvu ni wa kushoto? Kwa sababu njia za kuendesha misuli zinavuka upande kule chini kwenye shina la ubongo, nusu ya kulia ya ubongo ndo inaendesha mwili wa kushoto. Yaani ripoti, picha na mwili wa mzee vyote vinasema kitu kimoja. Kuhakikisha kwamba picha ni yake, ukifungua kwa programu angalia pembeni au kwenye heda, pana jina, tarehe ya kuzaliwa na siku aliyopigwa, linganisha na ripoti.

Naliongelea hili kwa urefu kwa sababu najua linavyoweza kuumiza. Miaka ya mwanzo kwenye kazi hii niliandaa picha ya mgonjwa kwa ajili ya kikao cha upasuaji, nikaitoa kama jpg ikae vizuri kwenye slaidi, na herufi za pembeni zikakatika. Daktari mmoja akauliza kulia ni wapi. Ukumbi ukanyamaza. Mimi niliyeitengeneza ile picha nilikuwa siwezi kumjibu kwa uhakika, na ile programu niliyotumia ilikuwa ya utafiti, na programu za utafiti nyingine zinaonyesha kushoto kwa kushoto kama unamwangalia mtu kutoka juu ya kichwa chake. SPM ya London inafanya hivo, FSLeyes ya Oxford inaanza na ule mtindo wa hospitali, zote ziko sahihi ila ukihama kutoka moja kwenda nyingine bila kuangalia herufi umemgeuza mtu. Kikao kilisimama mpaka mafaili yenyewe ya mashine yakaja. Tangu siku ile sitoi picha isiyo na R. Na watafiti wa MRI wengi hawaamini hata herufi, wanabandika kidonge cha vitamini E upande wa kulia wa kichwa kabla ya kupiga, mafuta yake yanang'aa kwenye T1, hata faili igeuzwe mara ngapi kile kitone cheupe kitakuambia kulia ndo huku.

Sasa kwa nini daktari wa Muscat hakuona kitu. CT nayo ni namba, na zenyewe zina kipimo kinachojulikana, maji ni 0, hewa ni hasi 1000, ubongo unacheza 20 mpaka 45 hivi, damu mbichi 50 mpaka 80, mfupa unaenda mamia hadi juu ya 1000. Zinaitwa namba za Hounsfield, jina la injinia Mwingereza ambaye mashine yake ilipiga kichwa cha mgonjwa wa kwanza tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, London. Nobel ya 1979 aligawana na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye hesabu zake zilianzia kwenye kazi ya hospitali ya Groote Schuur kule Cape Town, huwa nafurahi kuwaambia hilo vijana wetu kwa sababu wengi hawajui Afrika ina mkono pale.

Jicho letu haliwezi kutofautisha ngazi elfu kadhaa za kijivu kwa pamoja, kwahiyo daktari anafungua dirisha dogo, la ubongo kawaida upana wake ni 80 na katikati ni 40, yaani kila kilicho chini ya 0 kinakuwa cheusi ti na kila kilichozidi 80 kinakuwa cheupe pe, ubongo na damu vinagawana kijivu kilichobaki. Alafu analipanua, kwa sababu damu nyembamba iliyojibana kwenye fuvu ukitumia dirisha jembamba inakuwa nyeupe sawa na mfupa wenyewe na inapotea machoni kabisa. Alafu anaenda dirisha la mfupa kutafuta ufa, mana mzee alianguka. Picha ya simu imeganda kwenye dirisha moja, tena slesi moja kati ya makumi, na mwanga wa skrini umeingia juu yake. Hakuna daktari atakayesema neno hapo.

Fanya hivi. Nenda sayba au steshenari yenye sehemu ya CD, wakopie CD yote kwenye flashi yako, yote kama ilivyo na mafolda yake, usichague, hata faili linaloitwa DICOMDIR ambalo linaonekana halina kazi. Simama hapo hapo mpaka wafute kopi iliyobaki kwenye mashine yao. Nyumbani daunlodi Weasis, programu ya bure ya kuangalia picha hizi, inaenda Windows na Mac pia, fungua folda hilo utaona skani zote kushoto, ukiburuta mausi utabadilisha mwanga na ukizungusha gurudumu lake utashuka slesi kwa slesi. Kwa kumtumia daktari, bana folda zima kuwa zip, likiwa dogo litume WhatsApp kama dokyumenti sio kama picha, likiwa kubwa liweke kwenye hifadhi ya onlaini umpe linki yeye peke yake, na ripoti iambatane.

Na umwambie tarehe ya CT. Damu mbichi ni nyeupe kwenye CT, wiki zinavyopita inafifia mpaka inalingana na ubongo, baadae inakuwa nyeusi zaidi ya ubongo. CD yenu ni ya mwezi uliopita, inaonyesha siku ile, haionyeshi leo, kwahiyo akiomba apigwe nyingine msione anawaongezea gharama. Wewe iangalie picha ili uelewe unachoambiwa na uulize vizuri, lakini usikae usiku unamtafutia mzee madoa mengine, kuna mishipa na chokaa za kawaida za utu uzima zinang'aa pale zitakukosesha usingizi bure. Zaidi ya picha, mazoezi ya mkono na mguu yaanze sasa kama bado hayajaanza, ulizia fiziotherapia hospitali hiyohiyo.

SWALI: Habari. Sisi ni matabibu tuna grup la WhatsApp la kujifunzia, tunatumiana CT na MRI za wagonjwa tunajadili. Jina huwa tunalikata juu. Kuna mwenzetu anasema bado ni kosa. Inatosha au haitoshi? *Tabibu, Dodoma*

JIBU: Haitoshi, na mwenzenu msikilizeni. Mkituma DICOM, jina mlilolikata kwenye skrini bado limekaa ndani ya heda, pamoja na namba ya hospitali na tarehe ya kuzaliwa, mtu yeyote mwenye programu ya bure analisoma. Mkituma skani nzima ya kichwa, hata jina likitoka, sura inabaki, mana ngozi ya uso nayo imepigwa, MRIcroGL inaigeuza ikawa uso wa mtu kwa sekunde moja, pua, macho, midomo, jirani yake atamjua. Watafiti wanafuta uso kwanza kwa programu kama pydeface kabla hawajatoa skani nje. Na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019, taarifa za afya zinalindwa kuliko za kawaida.

Kwa kujifunza hamna haja ya wagonjwa wenu hata kidogo. Tovuti ya OpenNeuro ina skani nyingi zilizotolewa kwa ajili ya watu wote, na 3D Slicer yenyewe inakuja na mifano, mmojawapo una uvimbe wa ubongo, mjadili hizo mpaka mchoke. Mkiwa na mgonjwa mgumu ambaye lazima ajadiliwe, ombeni ridhaa yake, alafu mpeni kila mgonjwa namba, faili liitwe mgonjwa01 na sio jina lake, mana nimeona watu wanasafisha heda vizuri kabisa wakati jina la faili lenyewe ni jina la mgonjwa la pili na la tatu. Na wewe wa Moshi hili lako pia, kabla hujabadilisha mtoto hata mmoja angalia dcm2niix imepangwa iyape mafaili jina gani, na lile daftari la kuunganisha namba na majina likae kwenye kabati lenye kufuli la msimamizi wako, lisisafiri kwenye flashi moja na picha.